Mkamwana akishindwa kupiga goti, si kila mara ni dharau

Bariadi. Katika familia nyingi za Kisukuma mkoani Simiyu, malezi ya mwanamke hupimwa kwa goti. Akikutana na mkwe wake njiani, anatua mzigo, anapiga goti, ndipo anatoa salamu. Akimpelekea baba mkwe maji ya kunawa, anapiga goti. Mtoto wa kike hufundishwa hivyo kabla hajajua kusonga ugali, na asiyefanya hivyo huulizwa amelelewa wapi.

Ndiyo maana maneno yalianza siku mama mmoja wa miaka thelathini na ushee, mkulima wa pamba na mzazi wa watoto watatu, alipomsalimia mama mkwe wake akiwa amesimama wima. Kwanza yalikuwa ya chinichini, ya jikoni. Baadaye yakafika kwenye kikao cha ukoo, mume akaitwa na kuambiwa kwamba mkewe ameota mapembe tangu aanze kuuza mitumba mnadani.

Mama huyo hakuwa na mapembe. Alikuwa na uvimbe. Juu ya pia ya goti lake la kulia palikuwa na kitu laini, cha mviringo, kama yai limefichwa chini ya ngozi. Akiligusisha goti hilo ardhini, maumivu yalimpanda hadi machozi. Kiwiko cha mkono wa kushoto nacho kilikuwa na uvimbe kama huo, mdogo kidogo.

Aliona aibu kueleza. Katika nyumba yenye shamba la kupalilia, mwanamke anayelalamika maumivu kila siku huonekana mvivu. Akanyamaza, na ukimya wake ukatafsiriwa kuwa kiburi.

Ilianzia kwenye vidole

Goti halikuwa mwanzo wa habari. Karibu miaka miwili kabla yake, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa tatu, mama huyo alianza kuamka akiwa na vidole vigumu. Hakuweza kukunja ngumi. Kufunga vifungo vya shati la shule la mtoto wake wa kwanza kulimchukua muda mrefu hadi mtoto mwenyewe akajifunza kujifunga. Jua likipanda, mikono ilikuwa inalegea, naye anashika jembe kama wenzake. Kwa hiyo waliomwona saa nne shambani hawakuamini habari za saa kumi na mbili.

Vidole vilivimba kwenye maungio ya katikati na yale ya chini karibu na kiganja, mikono yote miwili kwa pamoja. Viganja vikafuata, kisha nyayo. Aliwaambia wanawake wenzake kisimani, wakamjibu kwamba ni baridi ya uzazi, kwamba hakukandwa vizuri baada ya kujifungua.

Dalili hizo zina jina. Kwa Kiswahili ugonjwa huo huitwa baridi yabisi, na wataalamu huuita rumatoidi athraitisi. Jina la baridi linawapoteza wengi, kwa sababu hauletwi na baridi, maji ya asubuhi wala kutokandwa. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupambana na vijidudu, inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Shabaha yake kubwa ni utando laini unaozunguka maungio kwa ndani, ule unaotengeneza ute wa kulainisha.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Unaweza kumpata mtu wa umri wowote. Kwa baadhi ya wanawake dalili hupungua wakati wa ujauzito, na huibuka au kuongezeka miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Ndiyo maana si ajabu ukadhaniwa kuwa ni madhara ya uzazi.

Tofauti yake na maumivu ya kawaida ya shamba iko kwenye asubuhi. Mtu aliyechoka kwa kulima hupata nafuu akilala. Mwenye baridi yabisi huamka akiwa mgumu kuliko alivyolala, na ugumu huo unaweza kudumu saa nzima au zaidi.

Ute haujaisha, umezidi

Uvimbe wa goti ulipoonekana, kila jirani alikuwa na tiba. Iliyopendwa zaidi ni ile inayosikika mitaani nchi nzima, kwamba ute wa goti umeisha, ale bamia kwa wingi ili urudi. Mama huyo akala bamia mchana na jioni, za kuchemsha na mbichi. Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hauna njia ya kwenda kwenye goti.

Isitoshe, shida ya goti lake ilikuwa kinyume kabisa. Ute haukuwa umeisha. Ulikuwa umezidi, tena mahali pasipo pake.

Ili kuelewa, mzazi afikirie ngata, ile duara ya kitambaa anayoiweka mwanamke kichwani kabla ya kujitwisha ndoo. Bila ngata, ndoo ingemuumiza utosi. Mwili nao una ngata zake. Ni vifuko vidogo bapa, vyenye ute kidogo sana ndani, vilivyowekwa kila mahali ambapo mfupa unasuguana na ngozi, msuli au kano. Mwili wa binadamu una zaidi ya vifuko 100 vya aina hiyo. Kipo mbele ya pia ya goti, kipo kwenye ncha ya kiwiko, vipo begani, pembeni mwa nyonga na nyuma ya kisigino.

Kifuko kikiwashwa, hutoa ute mwingi na kuvimba. Hali hiyo wataalamu huiita basaitisi. Mtu yeyote anaweza kuipata kwa kukandamiza sehemu moja kila siku, kama fundi wa vigae anayepiga magoti kutwa nzima au mwanafunzi anayeegemea kiwiko akisoma.

Lakini kwa mwenye baridi yabisi kuna sababu ya pili. Vifuko hivi vimetandikwa kwa ndani utando unaofanana na ule wa kwenye maungio. Kinga ya mwili iliyokwisha kuukosea utando wa vidole haishindwi kuukosea na ule wa kwenye kifuko. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuvimba kiwiko au bega hata kama hajaliegemea wala kulichosha.

Kwa mama huyu sababu zote mbili zilikutana. Alipiga magoti kwa salamu, kwa kuchochea moto wa mafiga na kwa kupalilia karanga. Na kwa kuwa vidole vilimuuma asubuhi, alijifunza kunyanyuka kitandani kwa kujisukuma na kiwiko badala ya kiganja. Kiwiko kikabeba kazi ya mkono.

Wembe ulioleta homa

Dawa yake ya kwanza ilikuwa diklofenaki, aliyonunua duka la dawa mara kwa mara bila kuandikiwa. Ilimsaidia kwa saa kadhaa, kisha maumivu yakarudi, na tumbo likaanza kuwaka. Dawa za kundi hilo zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Baadaye mtu alimwelekeza prednisoloni. Wiki ya kwanza alijiona amepona. Alilima, alicheka, hata goti alilipiga. Mshangao huo si mgeni katika historia ya tiba. Mwaka 1948 nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma mgonjwa wa baridi yabisi sindano za dawa iliyokuja kujulikana kama kotisoni, na baada ya siku chache akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Lakini madaktari waligundua mapema kwamba dawa za jamii hiyo zina bei yake: uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kudhoofika na kinga ya mwili kushuka. Bado zinatumika hospitalini na zinasaidia, ila kwa kipimo na kwa muda anaoupanga daktari. Na aliyezitumia muda mrefu hatakiwi kuziacha ghafla, kwa kuwa mwili unakuwa umesahau kutengeneza za kwake.

Akiwa bado anazimeza, ndugu walimpeleka kwa mtaalamu wa tiba za asili. Ilisemwa kwamba ametupiwa kitu na kimejificha kwenye kiwiko. Kikachanjwa kwa wembe ili kitu hicho kitoke. Kilichotoka ni majimaji ya manjano, na waliokuwepo waliridhika kwamba uchawi umetoka.

Siku ya tatu kiwiko kilikuwa chekundu na cha moto. Siku ya nne mama alikuwa na homa kali na kutetemeka, na mkono haukunyooka. Vijidudu vya kwenye ngozi vilikuwa vimepita kwenye jeraha la wembe na kuingia ndani ya kifuko, kwa mtu ambaye kinga yake ilikuwa imeshushwa na vidonge. Usaha wa namna hiyo ukichelewa kutibiwa, vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu na kuua.

Mume ndiye aliyekata shauri. Alikodi bodaboda usiku, akampakia mkewe katikati yake na mdogo wake, wakaenda hospitali mjini Bariadi.

Daktari aliyeangalia mikono

Hospitalini kiwiko kilinyonywa kwa sindano safi, majimaji yakapelekwa maabara, naye akaanzishiwa antibiotiki za mshipa. Homa ilishuka. Angeweza kuruhusiwa na habari ikaishia hapo.

Lakini daktari kijana aliyepita wodini asubuhi aliona jinsi mgonjwa alivyoshika kikombe cha uji, kwa viganja viwili kama mtoto, vidole vikiwa vimenyooka. Akamwomba akunje ngumi. Hakuweza. Akamuuliza tangu lini, akaambiwa karibu miaka miwili. Katika muda huo mama alikuwa ameingia zahanati mara nyingi. Kila mara alionyesha kinachouma zaidi siku hiyo, akapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Goti lilitazamwa peke yake, kiwiko peke yake. Hakuna aliyewahi kuvitazama pamoja na vidole.

Alipopata nafuu aliandikiwa rufaa kwenda Mwanza. Kutoka Bariadi ni safari ya basi kupitia Lamadi na Magu, na kwa familia ya mkulima nauli na siku za kulala ugenini si jambo dogo. Fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya bati za nyumba ndizo zilizokwenda. Vipimo vya damu na picha za mikono vilithibitisha baridi yabisi.

Madaktari bingwa wa maradhi haya nchini ni wachache, hivyo wagonjwa wengi huanza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Simiyu ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Nyaumata, mjini Bariadi, na kwa kanda nzima ya Ziwa kuna Bugando, Mwanza. Njia fupi ni kuanzia kituo cha karibu, kueleza dalili zote kwa pamoja na kuuliza kama kuna haja ya rufaa.

Kidonge cha siku ya mnada

Dawa aliyoanzishiwa inaitwa methotreksati. Haitulizi maumivu kama diklofenaki. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili iliyokasirika, na inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona tofauti. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu na kurudi kwenye vidonge vya dukani.

Jambo la hatari ni kwamba humezwa mara moja tu kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine anaweza kupoteza maisha. Mama huyo aliambiwa achague siku asiyoweza kuisahau, akachagua siku ya mnada. Siku nyingine humeza foliki asidi aliyoandikiwa kupunguza madhara, na kila baada ya muda hupima damu na ini.

Kisha likaja jambo lililoitikisa nyumba kuliko goti. Methotreksati huharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mwanamke anayeitumia lazima atumie uzazi wa mpango. Mume alikuwa na hamu ya mtoto wa nne, na mama mkwe alikuwa ameshamchagulia jina.

Daktari aliwaita wote wawili, mke na mume. Aliwaeleza kwamba mlango haujafungwa. Wenye baridi yabisi huzaa na kulea, lakini mimba hupangwa. Dawa husimamishwa mapema kwa maelekezo ya daktari, hubadilishwa na nyingine iliyo salama zaidi, na ugonjwa huwa umeshatulia. Walikubaliana wasubiri. Haukuwa uamuzi mwepesi kwa mwanamume aliyezaliwa katika boma la ndugu tisa, na hakuufikia kwa siku moja.

Mama mkwe naye aliomba kwenda kliniki iliyofuata. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, akasikia maelezo, akaonyeshwa picha ya mikono ya mkwewe. Njiani wakirudi hakusema mengi. Nyumbani alimwambia mkwewe asihangaike tena na kuinama, kwa kuwa heshima ameiona kwenye kazi yake miaka yote hiyo. Tangu siku hiyo anayemsema vibaya mkamwana huyo kwa sababu ya goti hujibiwa na mama mkwe mwenyewe.

Mama hajapona, kwa sababu ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa. Lakini uvimbe wa goti umenywea, ngumi inakunjika zaidi ya nusu, na asubuhi yake ngumu imepungua kutoka saa mbili hadi chini ya nusu saa. Bati zitasubiri msimu mwingine wa pamba.

Nyumbani mnaweza kufanya nini

Kifuko kilichovimba kinahitaji kupumzishwa. Mgonjwa asilipigie goti lenye uvimbe wala kukiegemea kiwiko. Akae kwenye kigoda anapopika, na ikibidi kupiga goti aweke kanga iliyokunjwa mara nyingi. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi ya mtungi, kikiwekwa kwa dakika kumi au kumi na tano mara kadhaa kwa siku, hupunguza joto na maumivu. Kupumzisha kusiwe kulala kutwa, kwani viungo visivyotumika hukakamaa. Kunyoosha na kukunja taratibu kila siku kunasaidia.

Uvimbe usichanjwe, usipigwe chuku, usitobolewe kwa sindano nyumbani. Kunyonya majimaji ni kazi ya mhudumu wa afya mwenye vifaa safi. Wakati mwingine uvimbe mgumu kwenye kiwiko si kifuko kabisa, bali ni kinundu kinachotokana na ugonjwa wenyewe, na wembe hauna kazi hapo.

Uvimbe ukiwa mwekundu na wa moto, ukiambatana na homa, au ngozi ikiwa na jeraha, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kiungo kikivimba ghafla hadi kisikunjike, au nyama ya mguu chini ya goti ikivimba na kuuma upande mmoja. Anayetumia dawa za kushusha kinga asisubiri kuona kama kutapambazuka.

Kazi za nyumbani zigawanywe. Katika nyumba nyingi mzigo wa mama mgonjwa humwangukia binti mkubwa, na shule ndiyo inayolipa. Kuchota maji na kupika si kazi zenye jinsia mbele ya ugonjwa. Mtoto wa kiume anaweza kubeba ndoo, na baba anaweza kusonga ugali.

Wazazi huuliza kama watoto watarithi. Baridi yabisi haiambukizi, si kwa kula pamoja wala kulala pamoja. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko wengine, lakini wengi wao hawaupati. Hata hivyo watoto nao wana aina yao ya ugonjwa huu. Mtoto anayechechemea kila asubuhi, au kiungo chake kikavimba kwa zaidi ya wiki sita bila kuanguka, asiambiwe anadeka.

Na kwa wakubwa, kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Kesho alfajiri mwombe mwenzako akunje ngumi. Akishindwa leo, kesho na wiki ijayo, na vidole vyake vimevimba mikono yote miwili, msinunue kidonge kingine. Andikeni tarehe ilipoanza, mwende naye kituo cha afya, na mkifika huko muonyeshe mikono kwanza.